Mlango hadi Mlango

Shangazi yangu alikatia watu tiketi za ndege miaka kumi na tisa, kwenye kiofisi kilichobanwa kati ya duka la dawa na fundi viatu, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kumlaumu. Sisemi hivi kwa kuwa ni dada wa baba yangu. Muulizeni yeyote mtaani.

Mzee mwenye ofisi alipostaafu, mwanawe akashika usukani. Suti kali, maneno mengi. Wiki ya kwanza tu akaandikisha dirishani, kwa herufi nyekundu, kwamba kutoka kiwanja chetu cha ndege hadi kiwanja cha mji mkuu ni kilomita mia nne na themanini, dakika hamsini na tano. Ndege kweli huruka dakika hizo, sikatai. Lakini nani anaishi kiwanjani? Chetu kiko nje ya mji. Chao kimehamishiwa nyuma ya vilima, kilomita sitini za kufuata malori. Shangazi aliwahi kuipima safari hiyo likizoni, saa mkononi: masaa sita, mlango hadi mlango.

Basi akaja mjane mmoja, fundi cherehani. Shemeji zake walikuwa wanataka nyumba aliyoachiwa na mumewe. Kesi ni kesho yake, huko mji mkuu, saa tatu asubuhi, na asiyefika kashindwa. Bosi alishamkatia ndege ya saa moja. Eti saa mbili kasoro dakika tano ametua, saa tatu yuko mahakamani, na chai ameshakunywa.

Shangazi akaifuta ile tiketi kwenye kompyuta, akamrudishia mama wa watu hela yake yote, akamwelekeza apande basi la mchana uleule, alale kwa ndugu yake, asubuhi aende mahakamani kwa miguu. Bosi akawaka moto, akauliza hii ofisi ni ya nani. Mjane akabaki anamtazama huyu, anamtazama huyu, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Mama, hakimu hatakusubiri kiwanjani," shangazi akamwambia. "Nenda."

Akaenda.

Asubuhi yake nilimpelekea shangazi dawa ya presha aliyoisahau nyumbani. Nikamkuta bosi ana simu mkononi, meno nje: ndege ya saa moja imetua kwa wakati, hata dakika haikupotea. Shangazi akajibu kwamba rubani apewe hongera, akaendelea na kazi yake. Mimi roho ilikuwa juu juu. Kama basi limeharibika njiani, mjane kakosa nyumba, na tuliomponza ni sisi.

Saa tatu na nusu mjane akapiga simu. Ameitwa wa kwanza, amesimama, ameonyesha hati, nyumba imebaki yake. Alilia mpaka maneno hayakusikika. Abiria wa ile ndege, kwa hesabu ya shangazi, walikuwa bado nyuma ya malori.

Unadhani bosi aliona haya? Thubutu! Akamsogezea shangazi barua aliyoichapa tangu jana yake: "Nakiri kosa la kumpotosha mteja katika safari ya dakika hamsini na tano." Asaini, la sivyo aache funguo za ofisi, aende zake.

Shangazi akaisoma yote, taratibu. Akakata "dakika hamsini na tano", juu yake akaandika "masaa sita". Akakata "kumpotosha", akaandika "kumfikisha". Akatia sahihi.

"Sasa iko sawa," akasema, akaweka funguo juu yake.