Kushoto kwa Gari

Nianze na yule mzee asiyeona, maana bila yeye hili la gari sitalieleza vizuri. Nilikuwa kijana, nimetumwa kutoka Mlali kwenda kwa dada yangu aliyeolewa Buigiri, nimebeba kuku kwapani. Mvua ilikuwa imenyesha, korongo lina maji. Ukingoni nikamkuta mzee mwenye fimbo anasikiliza maji. Akaniomba nimvushe. Mimi na akili zangu nikavuka kwanza na kuku wangu, nikasimama ng'ambo, nikamgeukia na kuanza kumwelekeza kwa sauti.

"Njoo mbele. Sasa kushoto. Kushoto, baba!"

Akaenda kushoto, akazama hadi magotini. Nikazidisha kelele: "Nimesema kushoto!"

Akasimama mle majini, akacheka. "Kushoto kwa nani, wewe mwenye macho?"

Ilibidi nirudi nimshike mkono, tuelekee upande mmoja. Yule kuku naye, kwa kuwa nimeshamtaja, hakutaga hata yai moja kwa dada yangu.

Hayo niliyasahau miaka mingi, maana nimelima kwa ng'ombe maisha yangu yote, na nyuma ya ng'ombe swali hilo halipo. Unawafuata, wanaangalia unakoangalia, kushoto kwao ndiko kwako. Shule niliishia darasa la pili, lakini kwa kulima mstari ulionyooka hakuna aliyenishinda pale kwetu. Labda shemeji yangu mmoja, na yeye alikuwa na ng'ombe wazuri.

Sasa nimezeeka, naishi Dodoma mjini kwa binti yangu, ng'ombe sina. Mchana nilikuwa nakwenda kukaa dukani kwa tajiri mmoja, Mhindi, aliyeniuzia bolti za plau tangu sote wawili tuna nywele nyeusi. Jumamosi moja nikamkuta amefunga duka mapema, anapakia kwenye pikapu magari mawili madogo, kila moja la kukaa kwenye sinia la ugali.

"Tajiri, umerudia utoto?"

"Panda uone, halafu ndio unitukane."

Tukaenda upande wa Chimwaga, kwenye uwanja wa vumbi. Wanafunzi wa chuo na watu wazima wenye kazi zao walikuwa wamepanga matairi chakavu wakapata njia yenye kona na vilima. Pembeni kuna jukwaa la mbao. Waendeshaji wote wanapanda hapo na rimoti zao, magari yanazunguka chini. Gari likipinduka, kuna watu wa kuliinua. Wewe hushuki.

Nilitazama magurudumu, nikatazama springi, nikauliza maswali mpaka tajiri akachoka. Mafuta yanaingilia wapi? Hakuna, ni betri. Linajuaje rimoti ni yangu, si ya jirani? Hilo hata yeye hakulijua vizuri. Akanipa gari lake la zamani nijaribu. Rimoti yake ina umbo la bastola: kidole kinavuta, gari linakimbia, ubavuni kuna kigurudumu cha kukatia kona.

Likienda mbali nami, ni rahisi kabisa. Likigeuka kunijia, nakata kushoto, lenyewe linakwenda kulia, tairini puu! Mara tatu, mara nne. Basi nikafanya ninachokijua: nikashuka jukwaani, nikalifuata kwa nyuma, nalipigia mluzi.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Binti aliyekuwa mwamuzi, mwanafunzi, akanijia mbio.

"Shikamoo babu. Babu, huku hairuhusiwi, utagongwa."

"Marahaba. Sasa nisipolifuata nitajuaje kushoto kwake?"

Hakunicheka, namshukuru kwa hilo. Akanieleza utaratibu. Anayeanza hupewa nafasi tatu. Akimaliza mbio moja ya dakika tano bila kushuka jukwaani, anabandikiwa namba kwenye gari na anakuwa mmoja wao. Zikiisha zote tatu, basi.

Niliitaka ile namba. Sijui kwa nini mtu wa umri wangu atake kikaratasi, lakini niliitaka, nikawa naiwaza hata nikioga. Nafasi ya kwanza miguu ilishuka kabla dakika haijaisha. Ya pili, Jumamosi iliyofuata, dakika mbili.

Ndipo yule mzee wa korongoni aliponirudia, nikiwa nakunywa chai. Kushoto kwa nani? Nikaelewa kwamba tangu mwanzo nilikuwa nimesimama ng'ambo na kuku wangu, napiga kelele.

Jumamosi ya tatu nikapanda na maarifa mapya. Gari likinijia, nageuza mwili mzima, naangalia linakoangalia, halafu nachungulia juu ya bega.

"Mzee mwenzangu," tajiri akasema, macho yake yako kwenye gari lake, "hii ni mbio au ngoma?"

"Angalia lako, limepinduka."

Na kweli lilikuwa limepinduka. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nilikuwa wa mwisho, lakini nilikuwa juu. Ya nne. Kona zote sasa nilizijua. Binti akatangaza, "Nusu dakika!"

Gari langu likaingia kwenye kile kipande kirefu cha njia kilichonyooka, limenipa mgongo, linatimua vumbi pande zote mbili, sawasawa na plau inapofungua ardhi kavu. Nilijua kabisa nilichokuwa nafanya, sitadanganya. Nikashuka.

"Babu, miguu! Rudi!" Binti aliita. "Umebakiza kidogo tu!"

"Mzee, namba yako!" Huyo ni tajiri.

Nilikuwa nyuma ya gari tayari. Tulifika mwisho wa kipande hicho, mahali pa kukata kona, sikukata. Nikalipitisha kwenye mwanya wa matairi, likashika nyasi, likapunguza mwendo, nami nikapunguza. Nikalipigia mluzi. Tukaenda hivyo mpaka kwenye pikapu ya tajiri, betri ikaisha hapo hapo. Nikalipangusa vumbi, nikaliweka nyuma ya pikapu, rimoti pembeni yake. Nikashika njia ya nyumbani, na pale uwanjani sijarudi tena.