Wimbo wa Orok

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kofia pana ya kauboi iliyonishuka mpaka masikioni, na viatu virefu vya mtu mwenye miguu mikubwa kuliko yangu. Lilikuwa shamba la wageni magharibi ya Mlima Meru, ambako watalii walilala kabla ya kwenda mbugani. Meneja wa kwanza, mtu mpole aliyeogopa hata punda, aliniuliza kama najua kuimba. Nikamjibu kwamba nimechunga tangu utotoni, na ng'ombe wa baba yangu walizoea kuitwa kwa wimbo. Akacheka, akanipa gitaa.

Ninyi vijana mnaoitamani kazi hii, mjue ilivyokuwa. Jioni, wageni wakishakaa, mwimbaji alitokea kwa mbali na ng'ombe wake, akija huku anaimba. Hilo tuliliita kuingiza. Ukiingiza vibaya, ng'ombe wanavamia meza ya saladi, nawe huna budi kuendelea kuimba na kutabasamu. Nyuzi za gitaa nilizilegeza kidogo, maana sauti kali huwashtua mifugo. Nyimbo za kikauboi nilijifunza redioni. Baadaye nikaanza kuzichanganya na zile za baba, na hapo ndipo wageni walipoacha kupiga soga nikiimba.

Kisha Mkuu wa Burudani, mama wa Kichaga mwenye sikio kali, alinihamishia hoteli ya kampuni hiyohiyo pale Themi mjini, niwaimbie watu wa mikutano, bila ng'ombe. Alinivumilia kwa muda, halafu siku moja akaniambia, "Unaimba kama mtu aliyepoteza kitu." Akanirudisha shambani, nami namshukuru mpaka leo.

Niliporudi nilikuta ndama mweusi aliyefiwa na mama yake. Nikamlea kwa chupa, nikamwita Orok, yaani mweusi kwa lugha ya kwetu, nikamtungia wimbo wake. Akakua, akawa maksai mkubwa kupita wote. Sikumfunga kamba hata siku moja. Nikianza wimbo ule alinifuata, nikinyamaza, alisimama. Wengine walijaribu kumswaga kwa fimbo wakaishia kutoka jasho. Kwa miaka mingi niliingia naye mbele ya wageni, na nilimpenda, sioni haya kusema.

Wakati wa kustaafu ulipofika, Meneja Mkuu mpya aliniita ofisini. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo, akanikalisha. Akaniambia wameandaa sherehe ya kuniaga, na kwa heshima yangu watamchinja Orok.

"Tunaomba umlete mwenyewe, mzee," akasema. "Kwa mtu mwingine haji."

Nikamweleza kwamba baba yangu hakuchinja kamwe ng'ombe aliyemtungia wimbo, na nyumbani kwetu nyama ya namna hiyo hailiwi. Nikamwomba wafute sherehe, wanipe Orok. Alisikitika, na niliona anasikitika kweli, lakini wageni walikuwa wameshaalikwa.

Siku ya sherehe mchinjaji alinisubiri nyuma ya jiko. Nikavaa kofia yangu, nikaanza wimbo, na Orok akaja kama kawaida yake. Tukapita mbele ya wageni. Tukalifikia jiko, tukalipita, tukashika njia ya lango. Sikuthubutu kunyamaza, maana angesimama. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi akamtazama Meneja Mkuu, aliyekuwa amesimama katikati ya wageni wake. Nikaumaliza wimbo, nikauanza tena.

"Wafungulie," akasema Meneja Mkuu.

Nyuma yetu wageni walisimama wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Nasikia walikula mbuzi. Mimi niliimba njia nzima mpaka nyumbani, nikafika sina sauti.

Orok alizeekea kwenye zizi langu, akafa amelala, msimu wa mvua. Tulimzika, na majirani wakanicheka kidogo kwa kuacha nyama yote ile. Sasa vijana mnakuja kujifunza, nami nawafundisha kulegeza nyuzi, kuingiza, na nyimbo zote ninazozijua. Mnaniuliza kwa nini ule mmoja siufundishi. Baada ya kumzika niliuimba mara moja tu, nimesimama mlangoni pa zizi. Niliuimba mpaka mwisho, na hakuna aliyekuja.