Mwaka Mama Alipokataa Siku za Bure

Nilikuwa nafundisha kidato cha pili jinsi ukabaila ulivyokufa Ulaya. Shule yetu iko nje kidogo ya Naitiri, na asubuhi hiyo darasa lilikuwa limechangamka kuliko kawaida. Nilieleza kwamba mkulima wa zama zile hakuwa na ardhi yake. Aliishi kwenye ardhi ya kabaila, akapewa kipande cha kulima, na kwa sababu hiyo alimfanyia kabaila kazi ya bure siku kadhaa kila wiki. Nafaka yake aliisaga kwenye mashine ya kabaila tu. Na mkulima akifa, kabaila alichukua mnyama bora kuliko wote aliowaacha.

Darasa likacheka. "Ati anachukua ng'ombe wa maiti?" mmoja akauliza.

Msichana wa mstari wa mbele hakucheka. "Mwalimu, na watoto wa huyo mtu walifanya nini?"

Niliwaambia wasome ukurasa unaofuata, nikaenda kusimama dirishani nikiwapa mgongo. Nilijua watoto wa huyo mtu walifanya nini. Walinyamaza. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Wazazi wangu walitoka Kenya ya kati wakiwa vijana, wakapata kazi kwenye shamba kubwa nje ya Kitale. Mwenye shamba alikuwa amestaafu kazi kubwa serikalini, na sote tulimwita Mzee. Alitupa mahali pa kujenga na robo eka ya kulima mboga na mahindi. Wakati wa kuvuna kulikuwa na ujira. Lakini mwaka mzima, kila Jumatatu na Jumatano, mama na wanawake wenzake walipalilia, waliokota mawe, walifua na kufagia kwake bila kulipwa. Ziliitwa siku za shamba. Kujenga kwa mabati kulikatazwa, kila nyumba iwe ya nyasi, ili asije mtu akasema amekaa hapo siku nyingi. Na mahindi tulisaga kwenye mashine ya Mzee, hata ilipokuwa mbovu na kutoa unga wenye mchanga.

Baba alipofariki, miaka mitatu kabla ya somo lile, Mzee alikataa azikwe shambani. Kaburi, alisema, huzaa kesi ya ardhi. Tulimzika kwenye makaburi ya umma mjini Kitale, katikati ya watu tusiowajua. Siku ya tatu baada ya mazishi, nyapara akaja na kamba.

"Mama, pole sana," alisema bila kumtazama mama usoni. "Mzee anasema huyu ng'ombe amekula nyasi ya shamba miaka yote. Sasa mwenye kufanya kazi hayuko."

Ng'ombe yule ndiye aliyenilipia chuo kwa maziwa yake. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa tayari, nimevaa viatu vizuri, nina kitambulisho cha mwalimu mkobani. Nilisimama mlangoni nikamwangalia akifunguliwa na kuondoka. Sikusema hata neno moja. Aibu ile sijawahi kuizoea.

Jumamosi iliyofuata lile somo nilikwenda kumwona mama. Alikuwa akimenya viazi nje ya jikoni, na kama kawaida yake akaniuliza nimefundisha nini wiki hiyo. Mama hakupita darasa la tatu, lakini hupenda kusikia. Nikamweleza. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga, kisu kikasimama.

"Hata Wazungu?"

"Hata Wazungu, mama."

"Wasage kwa mtu mmoja tu?"

"Kwa mtu mmoja tu. Na ukifa, ng'ombe anachukuliwa."

Halafu akasema polepole, "Mimi nilidhani ni sisi tu. Nilidhani ni bahati yetu mbaya." Akaanza kumenya tena. "Iliisha aje?"

Nikamwambia kuhusu tauni, jinsi ilivyoua watu vijiji kwa vijiji, hadi makabaila wakabaki na ngano shambani na hakuna wa kuikata. Waliosalia wakagundua kwamba mikono yao imekuwa adimu. Wakadai ujira. Wakubwa wakatunga sheria za kuwazuia wasidai na wasihame, lakini watu wakahama hivyo hivyo, wengine wakaenda mijini, wengine kwa kabaila jirani aliyelipa vizuri zaidi.

"Hawakungoja mtu awape ruhusa?"

"Wengi waliondoka tu."

Mama alitazama upande wa nyumba za wafanyakazi. Tulipokuwa wadogo zilikuwa zimejaa. Sasa nyingi zilikuwa zimeanguka paa. Vijana walikuwa wamekwenda Kitale, Eldoret, Nairobi, kuendesha pikipiki na kujenga maghorofa. Walibaki wanawake wa umri wake na wanaume wachache wenye migongo mibovu.

"Hapa hakuna tauni," alisema. "Lakini angalia. Watu wameisha."

Sikujua alichokuwa akipanga. Nilikijua Novemba, shule zilipofungwa nikarudi kumsaidia kuvuna. Mahindi ya Mzee yalikuwa yamekauka vizuri, na mawingu yalikuwa yakijikusanya kila alasiri upande wa Mlima Elgon. Jumatatu asubuhi mama aliweka panga lake chini kwenye ukingo wa shamba, akaketi kando yake. Wenzake wote wakaketi. Walikuwa wamekubaliana kanisani, mbele ya macho ya nyapara, wakati yeye akiimba kwaya.

"Mama, mnangoja nini?" nyapara akauliza.

"Tunangoja Mzee."

Mzee alikuja na pikapu yake, akashuka akiwa na fimbo. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomkumbuka.

"Nani mgonjwa hapa?"

"Hakuna mgonjwa," mama alisema. Alisimama, kwa heshima, kama alivyozoea kusimama mbele yake. "Tumechoka na siku za shamba, Mzee. Tukifanya kazi, tulipwe, hata kama ni kufagia. Na unga wetu tusage mahali tunataka."

"Mnaishi kwangu bure!"

"Si bure. Hesabu Jumatatu zangu tangu nije."

"Nitawafukuza wote leo."

"Tufukuze," mama alisema. "Si mahindi ni yako? Utavuna na nani?"

Mzee aligeuka akaniona. "Ni huyu binti yako. Mwalimu. Ndiye anakuja hapa kukufundisha siasa."

"Ananifundisha historia," mama alijibu.

Mwanamke mmoja wa Misikhu, aliyeolewa pale shambani, alicheka kwa sauti. Mzee akaninyooshea fimbo. Alisema atampigia simu mwalimu mkuu wangu, kwamba kazi hiyo nimeipata kwa jasho lake. Lakini nilikuwa nimeshawahi kunyamaza, na nilijua ladha yake.

"Mpigie, Mzee," nilisema. "Nitakupa namba yake. Na ukimpata, mwambie pia ulimchukua ng'ombe wa mjane siku ya tatu baada ya mazishi."

Nyapara aliangalia chini. Mzee alipanda pikapu akaondoka.

Tulikaa siku hiyo yote, na ya pili. Alituma lori kutafuta vibarua mpaka Bokoli, lakini kila mtu huko alikuwa na mahindi yake ya kuvuna, na waliokubali walitaka pesa nyingi kuliko alizokuwa akitupa sisi. Jumatano mvua ilinyesha. Alhamisi asubuhi nyapara alikuja peke yake, kwa miguu. Siku za shamba zimeisha, alisema. Kusaga, kila mtu ajisagie anakotaka. Juu ya ng'ombe, Mzee hakutuma neno, na hakuwahi kutuma.

Mama alichukua panga lake akavuna hadi suke la mwisho, kwa ujira. Nilimwuliza kwa nini ahangaike sasa ameshinda. Alisema mahindi hayajamkosea.

Kisha, Januari, alihama. Mzee hakumfukuza. Aliondoka tu. Mimi na yeye tulikuwa tumenunua kipande kidogo cha ardhi Naitiri, dakika ishirini kutoka shuleni kwangu. Kabla hatujamaliza kushusha vyombo alikuwa ameshaomba jembe kwa jirani, akachimba shimo mbele ya nyumba na kupanda mche wa parachichi aliouotesha mwenyewe kwa mbegu kwenye kopo.

Jirani, mzee mpole wa Kibukusu, alikuja kutusalimu. "Hii ya mbegu itakaa miaka mingi kabla haijazaa, mama," alimshauri. "Chukua ile ya kuunganisha, ni ya haraka."

"Nina haraka gani?" mama akasema, akishindilia udongo kwa kisigino. "Mimi siendi mahali."