Kamera ya Ng'ombe Wawili

Harufu ya siki hunirudisha utotoni hadi leo. Juma lililopita mjukuu wangu Neema alikuwa jikoni akichanganya kachumbari ya kabeji. Alipofungua chupa ya siki, mimi niliyekuwa nimekaa sebuleni nikajikuta nimesimama, kama mtoto aliyesikia anaitwa kwa jina lake kamili. Papa alikuwa mpiga picha, na dawa zake zilinuka hivyo hivyo: ukali wa siki uliochanganyika na mbao mbichi. Harufu hiyo ilikaa vidoleni mwake, hata kwenye mkate aliotumegea asubuhi.

Nadhani isingenishika vile kama siku hiyo tusingekuwa na kikao. Neema naye anapiga picha, za harusi na za ubatizo, na alikuwa amewaita wanangu wawili, yaani baba yake na baba yake mdogo, awaombe wamsaidie kununua kamera mpya. Kwa bei aliyotutajia, mtu angepata kiwanja kule Lac Vert, pembezoni mwa Goma, na kubakiwa na kitu cha kununulia mabati.

"Ile yako imekufa?" baba yake alimuuliza.

"Apana, papa. Inatumika."

"Sasa ya mupya ni ya nini?"

"Ya mupya inaona mu giza ya kanisa. Ya zamani inanitolea maharusi beusi kama makala ya jiko."

Walicheka, kisha yule mdogo akasema neno linalomaliza kila mjadala wa namna hiyo katika ukoo wetu: "Neema, kumbuka ngombe mbili." Wote wakanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye pekee aliye hai kati ya walioiona kwa macho ile kamera ya baba yangu, iliyogharimu ng'ombe wawili na kumwangusha. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli. Nimekitikisa hivyo kwa miaka karibu sitini, na ninyi mnaosoma mtakuwa wa pili kujua, baada ya Neema, kwamba ni uongo.

Papa alianza na sanduku. Lilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, jicho la kioo mbele, na nyuma mkono wa kitambaa cheusi uliotosha bega la mtu mzima. Alilisimamisha kila asubuhi karibu na uzio wa ofisi ya serikali, maana watu wote waliotaka kitambulisho walipita pale. Mteja alikaa kwenye kigoda, papa akamwambia, "Usicheke! Serikali haipendi meno," akaondoa kifuniko cha kioo, akahesabu, akakirudisha. Kisha aliingiza mkono katika kile kitambaa, akapapasapapasa karatasi na dawa zilizokuwa humo ndani huku akitazama mawingu, na baada ya muda mfupi picha ilikuwa inaelea kwenye ndoo ya maji. Ikitoka vibaya, mteja alirudi kigodani kabla hakijapoa.

Nilimuuliza papa kwa nini kitambaa ni cheusi. "Ndani iko siri," alijibu, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi sikucheka, nilimwamini. Nilielewa kwamba kitambaa kilizuia wapiga picha wengine wasimwibie ujuzi.

Halafu Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Rutshuru akafunga mizigo yake ili arudi kwao, na papa akaiona kamera yake. Ilikuwa ndogo, nzito kama jiwe la volkano, yenye ngozi nyeusi na vyuma vilivyong'aa. Ilipiga picha za rangi. Katika Goma ya wakati ule, picha ya rangi ilikuwa kitu cha kwenye kalenda. Papa alikuwa na ng'ombe wawili aliorithi kwa babu, wakitunzwa na ndugu zetu upande wa Bukavu. Aliwauza wote, akainunua.

Mama aliizungusha kamera mikononi, akaitazama mbele na nyuma.

"Ngombe mbili ziko na macho ine," alisema. "Hii iko na limoja tu."

"Lakini hilo limoja linaona rangi," papa alisema.

"Na maziwa?"

Maneno ya mama yakaruka uzio. Kabla ya Jumapili mtaa mzima ulikuwa unamwita papa "Papa Ngombe Mbili", naye alijibu kwa kunyanyua kofia. Wanaomjua mtu wa namna hiyo wanaelewa kwamba mzaha ulimuuma, na kwamba alikuwa akisubiri siku ya kuuzima.

Siku hiyo ilimjia kwa mlango wa Papa Furaha, mfanyabiashara wa maharagwe, ambaye binti yake Furaha alikuwa anaolewa na kijana wa Kisangani. Alitaka harusi yote kwa rangi. Papa alipiga picha kanisani, kwenye ngazi, chini ya mwavuli wa manjano, mbele ya mbuzi waliotolewa zawadi. Siku mbili baadaye maharusi walisafiri. Papa aliporudi nyumbani kutoka harusini alitueleza kwamba filimu ilikuwa na nafasi tatu zilizobaki, na kwamba hawezi kuzitupa. Jumapili itakayofuata angezitumia kumpiga picha mama, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kukaa mbele ya sanduku isipokuwa kwa ajili ya kitambulisho. Akaiweka kamera ndani ya kasha la bati, akalifunga kwa ufunguo.

Shuleni kulikuwa na mtoto aitwaye Kambale, mwenye ulimi kama wembe. Kila mapumziko aliniuliza mbele ya wenzetu, "Bahati, ngombe yenu inazaa lini?" Siku chache baada ya harusi nilimjibu kwamba ina mimba tayari, na ndama, yaani picha za Furaha, wamo tumboni. "Umebaona?" Nikasema nimewaona. "Furaha alivaa viatu vya rangi gani?" Sikujua. Wenzetu wakalia kama ng'ombe hadi kengele ilipogonga.

Niliporudi, mama alikuwa sokoni, papa yuko kazini kwenye uzio wa ofisi, na koti lake lilining'inia mlangoni na ufunguo mfukoni. Sitajitetea. Nilikuwa na miaka kumi na nilijua ninachukua kisicho changu. Nilipeleka kamera uani ili nione vizuri, kwenye jua la saa nane, nikavuta kile kitufe nilichomwona papa akikivuta, na mgongo wa kamera ukafunguka.

Hakukuwa na Furaha. Kulikuwa na utepe laini wenye rangi ya chai ya maziwa. Nikadhani picha zimejikunja ndani, kwa hiyo nikaukunjua kutoka kwenye kigurudumu chake, pindo baada ya pindo, nikauinua juani. Hakuna mwavuli, hakuna mbuzi. Nikaukunja tena kwa uangalifu mwingi, nikafunga, nikarudisha kila kitu mahali pake. Niliona nimefanya kazi safi.

Jumapili mama alivaa kitenge cha buluu, akakaa mbele ya ukuta wa nje, akiona haya kama mgeni. Papa alikuwa na furaha mno, akiongea huku akizungusha filimu kwa kidole gumba.

"Usifungue hapo nyuma kunichungulia, nimekunja sura," mama alitania.

"Hata kwa bunduki sifungue," papa alijibu. "Hii filimu ikionja jua hata kidogo, imekufa. Njo maana hata lile sanduku liko na kitambaa nyeusi."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji. Nakumbuka niliendelea kukishika, na kwamba papa aliniambia nisogeze kivuli changu kisimwangukie mama.

Picha za rangi hazikuweza kusafishwa Goma. Papa aliifunga filimu katika bahasha, ikaenda kwa meli hadi Bukavu, na kutoka hapo kwa posta ng'ambo, mahali ambapo hata yeye hakupajua. Tulisubiri zaidi ya mwezi. Sijui kama nimewahi kusubiri kitu kingine hivyo, hata vita. Meli ilipopiga honi ikiingia bandarini nilijificha chooni. Chakula kilinigomea. Mama alinipa dawa ya minyoo mara mbili. Kila jioni niliamua kwamba kesho nitasema, nikapanga hata pa kusimama, karibu na mlango. Kesho yake Papa Furaha alipita na kuita kutoka barabarani, "Papa Ngombe Mbili! Harusi yangu imefika wapi?" na papa akajibu, "Iko njiani, muzee, inakuja na rangi yake yote!" na mimi nikaahirisha. Nilianza kumwomba Mungu azamishe meli, kisha nikamwomba awaokoe abiria na kuzamisha barua tu.

Bahasha ilifika siku ya kazi, na habari ikatangulia. Papa Furaha alikuja na mkewe, wamevaa nguo za kanisani. Papa aliifungua mbele yao. Ndani kulikuwa na picha moja tu ya karatasi, na vipande vya filimu. Picha ilikuwa ya mama, ya mwisho kati ya zile tatu. Mpaka leo sijaona picha nzuri kuliko ile: buluu ya kitenge, weupe wa ukuta, na lile tabasamu la haya lililoanza tu kufunguka. Papa aliinua vipande vya filimu dirishani, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vyeusi, isipokuwa ncha ya mwisho yenye mama.

Papa Furaha hakupiga kelele. Alichukua kipande kimoja, akakiinua yeye pia dirishani.

"Mi nilikupa harusi ya muchana," alisema. "Wewe unanirudishia usiku."

Mkewe aliuliza kama hakuna hata moja ya mtoto wake. Papa akasema hakuna. Akawarudishia walichomlipa, wakaondoka, na mama akaenda jikoni bila kuigusa picha yake.

Papa alibaki ameketi na vile vipande magotini. Alikuwa fundi, vilimweleza mengi. Mwanzo wa filimu umekufa, mwisho, uliokuwa bado umejikunja ndani ya kikopo chake, umepona, kwa hiyo mwanga uliingia baada ya harusi na kabla ya Jumapili, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliniita. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Bahati, mutoto wangu. Labda ni mimi. Labda nilifungua nikifikiri filimu imeisha, nikasahau. Wewe ulikuwa hapa. Uliniona?"

Lilikuwa swali la kweli. Alitaka kujua. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua.

"Ndiyo, papa," nilisema. "Nilikuona."

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru.

Kamera aliiuza kwa hasara baada ya muda mfupi, akarudi kwenye sanduku. Watu walipomuuliza alisema, "Kitu cha bei kali hakisamehe," na hilo likawa fundisho la ukoo. Lakini tangu hapo alikuwa na tabia ya kurudi. Alifunga nyumba, akatembea hadi njia panda, akarudi kuangalia kama amefunga. Alifunika dawa zake, akafunua, akafunika. Alimwomba mama amshuhudie akizima taa. Tuliokuwa watoto tulimwigiza, na mimi ndiye niliyemwigiza vizuri kuliko wote. Nilimchekesha hata mama. Alifariki nikiwa na watoto wangu mwenyewe, na miaka yote hiyo nilikuwa na nafasi ya kumwambia kila siku.

Juzi Neema alipokuwa akikata kabeji tena, nilimwambia. Alisikiliza hadi mwisho, kisu cha kabeji mkononi.

"Koko," alisema, kama wajukuu wanavyoniita, "sasa ninunue ao nisinunue?"

Nilicheka kwa sababu sikutegemea, kisha nikaona kwamba hilo ndilo swali la haki. Nikamwambia kwamba kamera ile haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa mimi, na wanaume wa ukoo huu wamekuwa wakimnyima kwa ushahidi wa uongo. Kama ilistahili ng'ombe wawili, picha ya mama inasema ndiyo, na Mama Furaha aliyeondoka mikono mitupu anasema hapana. Siwezi kumchagulia. Nilimwambia jambo moja tu ninalolijua: lile sanduku la mbao, ambalo picha zake zilitoka papo hapo, lingenifichua kabla ya chakula cha mchana, ningechapwa, na mambo yangeisha. Kamera ya bei kali ilinipa mwezi mzima wa kuandaa uongo. Na kesho nitawaita baba zake, niwaambie nao.

Nilipokuwa mtoto nilijieleza kwa nini nilisema "nilikuona". Nilifikiri kosa likimwangukia mtoto ni zito, maana kuna wa kumchapa, lakini likimwangukia mtu mzima linapotea tu, kama maji kwenye mawe ya volkano ya Goma, yenye matundu. Nani angemchapa papa? Nilidhani nimempa mzigo asioweza hata kuuhisi. Nimechelewa sana kuelewa kwamba asiye na wa kumchapa hana pia wa kumwambia basi, imetosha. Papa alirudi mlangoni kwake kwa miaka zaidi ya ishirini, akijaribu kitasa, na mtu mmoja tu duniani ndiye aliyejua kwamba mlango ule yeye hakuwahi kuuacha wazi. Mtu huyo alikuwa nyuma yake, akimwigiza.