Kelele za Bibi Msituni

Harufu ya uyoga na majani yaliyooza ndiyo iliyotupokea katika msitu ule wa upande wa Biharamulo, mimi na bibi yangu, tukiwa tumetoka Kirushya tangu alfajiri. Mjomba alikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kuongoza watalii, na siku hiyo msimamizi wake angemtazama kabla ya kuamua kama atamwajiri. Kwa kuwa watalii hawakuwepo, Mjomba alituomba sisi tuwe wageni wake. Alitangulia akinong'ona, akituonyesha hondohondo wenye midomo mikubwa kupita haja, nami nikashangaa: mtu mzima anamnyamazia ndege! Bibi akaniinamia, akauliza, "Kwani humu kuna mgonjwa?"

Kwetu Kirushya hakuna anayenyamaza mbele ya ngedere. Wakiingia kwenye mahindi, wa kwanza kuwaona hupiga ukelele, na wa shamba la jirani lazima aitikie, hadi kilima kizima kipate habari. Ukinyamaza, unahesabiwa mtu mbaya. Basi ngedere walipotokea juu ya matawi, mmoja amempakata mwanawe, Mjomba alituashiria tutulie, uso wake umejaa furaha. "Wezi! Wezi hao!" Bibi akapaza sauti, nami nikaitikia kwa nguvu zangu zote, nikiamini ndiyo adabu. Matawi yakatikisika, msitu ukabaki mtupu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, mwenyeji akaugua. Msimamizi, aliyekuwa akitufuata nyuma, alimpa Mjomba mkono, akamwambia arudi tu kwenye kilimo. Njia nzima Bibi alikuwa akiuliza, "Sasa mimi nimekosa nini?" Mjomba akazidisha mwendo. Nilitaka kulia, ila sikujua nimlilie nani kati yao.

Siku hizi ninaishi Ngara mjini, na miti iliyopakana na mashamba yetu imekwisha kwa mkaa. Juzi Mjomba, ambaye bado analima kulekule Kirushya, alinipigia simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mpwa wangu, mwaka huu mahindi yamepona yote. Ngedere hawaji tena." Nami mpaka simu inakatika sikujua nimpe hongera au nimpe pole.