Maharagwe ya Kwenye Lori

Katika vilima vya Masisi, mwanamume anayerudi safari bila njaa hana haja ya kuulizwa alikuwa wapi, watu watamjibia. Emérita, mke wa Callixte, alikuwa ameshajibiwa na majirani wote, na jibu lao lilikuwa moja: huko Walikale anakopeleka maharagwe na muhogo kwa lori la mzungu aliyemwajiri, mumeo ana jiko lingine, na jiko hilo lina mwenyewe.

Emérita hakuwa mtu wa kuamini maneno ya kisimani. Pua yake, hata hivyo, aliiamini. Callixte alikuwa akishuka kwenye lori ananuka vitunguu vya kukaanga, mawese na moshi wa makaa, tena moshi wa mtu aliyekaa na jiko, si wa mtu aliyepita karibu nalo. Pafukapo moshi pana moto. Siku moja, akifua koti lake, alikuta mfukoni chumvi imefungwa vizuri kwenye kitambaa. Dereva gani anatembea na chumvi? Na yeye Emérita alikuwa akiamka kabla ya jogoo kila safari, akampikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akamfungia kwenye jani la mgomba.

"Chakula ilikuwa namna gani?" alikuwa akimuuliza akirudi.

"Mutamu, Mama Pierre. Nilimaliza yote."

Akiwekewa cha jioni, anadonoa.

Mbali na hilo, hakuwa na la kumlaumu. Hakuwa mlevi, hakuwahi kumwinulia mkono, na Jumapili alikaa kanisani mpaka mwisho. Tena alikuwa na tabia moja iliyosifiwa hata na mama mkwe wa Emérita, Mukankusi, ambaye sifa zake zilikuwa adimu: Callixte hakutia mkono kwenye sahani kabla ya watoto kula. "Watoto kwanza," alikuwa akisema, kisha akangoja, akiwatazama wakitafuna. Alianza hivyo baada ya kifo cha mdogo wake, Faustin. Faustin alikula kwa Callixte na Emérita siku ya Pasaka, jioni ile ile akashikwa na tumbo, akafia njiani akipelekwa hospitali ya Kirotshe. Emérita aliona kwamba msiba ndio uliomfundisha Callixte kuwapenda watoto zaidi. Kwenye matanga Mukankusi alizitazama tu sufuria za Emérita.

Basi, shaka haipoi kwa kufunikwa. Asubuhi moja Emérita alivaa kitenge chake cha misa, akabeba fungu la chakula kama kawaida, akapanda mwenyewe ndani ya lori.

"Leo ninaenda na wewe. Ninataka mawese ya Walikale. Hii ya soko wanachanganya na maji."

Callixte alishika usukani bila kumtazama. "Njia iko mubaya, Mama Pierre. Kuko matope mingi."

"Matope inakujua wewe peke yako?"

Callixte aliwasha injini. Wakaondoka. Njia nzima Emérita hakutazama mandhari; alitazama wanawake. Kila aliyesimama kando ya barabara na kumpungia Callixte mkono, Emérita alimpima kuanzia kilemba mpaka nyayo, na wengine walikuwa vikongwe wasio na jino hata moja. Hakumsamehe yeyote.

Karibu na Mpofi barabara hubanwa na mlima, na magari mawili hayapishani. Kwa hiyo kulikuwa na kizuizi, na mlinzi wake aliwashikilia wanaoshuka mpaka wanaopanda waishe. Walipofika, mvua ilikuwa inaanza kunyesha. Callixte alizima injini, akakaa kidogo kama mtu anayetafuta pa kuanzia, kisha akashuka na kufungua boneti. Akafungua nyaya zilizokaza kopo kubwa juu ya bomba la moto la injini, akalileta kwenye kabini akiwa amelishika kwa kitambaa. Lilikuwa limejaa maharagwe, yameivia njiani tangu nyumbani.

Chini ya kiti alitoa mbabula ndogo ya kupikia, makaa, sufuria, kitunguu na chupa ya mawese. Akashusha kioo cha dirisha moshi utoke, akawasha, akakata kitunguu juu ya goti lake, akakaanga. Mikono yake ilikuwa myepesi. Ilikuwa imezoea.

Emérita alitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kwao mwanamume mwenye mke akishika mwiko, wazee humuuliza kama amefiwa.

"Njo hii tu? Ni wewe mwenyewe unapikaka?"

"Kungoja hapa kunakuwaka murefu," alisema Callixte, macho yake kwenye sufuria. "Muntu anahitaji kitu ya moto."

Hapakuwa na mwanamke. Furaha ilimjaa Emérita kifuani hadi akataka kumkumbatia mbele ya madereva wote. Angerudi na kuwatangazia majirani, mmoja mmoja, kwamba hawara wa mume wake ni kopo. Callixte alimimina maharagwe kwenye sufuria, akaiinjika upya, akachukua galoni, akaenda mtoni kuchota maji ya injini.

Hapo ndipo macho ya Emérita yalipoangukia fungu lake, bado limefungwa, juu ya mapaja yake. Kama anapika mwenyewe kila safari, hili huwa linakwenda wapi?

Mtu aligonga mlango. Alikuwa mlinzi wa kizuizi, Barthélemy, mwanamume mwenye mashavu manene, amejifunika gunia kichwani.

"Wewe njo Mama Pierre? Mungu akubariki, Mama. Karibu mwaka muzima ninakula kwa mukono yako. Ile sombe yako, hata bibi yangu anaionea wivu."

"Callixte anakupatiaka chakula yangu?"

"Kila safari. Bwana yako iko na roho muzuri. Tena hapana kunipatia tu. Akirudi kutoka Walikale, kitu ya kwanza ananiuliza: Barthélemy, tumbo yako iko namna gani? Ulilala muzuri? Hata ndugu yangu wa damu haniulizaki vile."

"Chakula ya leo," alisema Emérita polepole, "utanisamehe, Papa. Leo ninaihitaji."

Barthélemy akaenda zake bila kinyongo. Emérita alibaki na sufuria inayochemka. Mtu haulizi tumbo la mwenzake kila safari kwa mapenzi tu. Callixte alikuwa akimpa mlinzi chakula cha mke wake, kisha akirudi anapita kuona kama bado yuko hai. Na watoto kwanza! Kumbe hakuwa akiwapenda kwa kungoja vile. Alikuwa akingoja kuhakikisha kwamba sahani ni ile ambayo mama hawezi kuwapa wanawe ikiwa na sumu ndani. Kikulacho ki nguoni mwako: hilo ndilo somo Callixte alilopewa na mama yake, kwa kuzitazama sufuria, kwenye matanga ya Faustin. Emérita alitamani yule hawara wa Walikale angekuwepo kweli. Huyo angemfuata, akamtukana mbele ya watu, akarudi nyumbani amepona.

Callixte alipanda, akafuta maji usoni, akampakulia maharagwe, akamsogezea.

Katika vilima vyao anayempa mtu asiyemjua pombe au chakula huonja kwanza, yule mtu aone. Kwa mume na mke hakuna jambo hilo. Kulidai ni kumwita mwenzako mchawi.

"Onja kwanza," alisema Emérita.

Callixte alimtazama. Akalitazama fungu juu ya mapaja ya mkewe, akatazama nje, kule Barthélemy alikokuwa amesimama kwenye mvua. Akaelewa kwamba Emérita amejua. Alichukua kijiko, akaonja, kisha akamsogezea tena.

Emérita alikula maharagwe yake. Yalikuwa matamu, na utamu wake ulimuuma. Alipomaliza alilifungua jani, akamega bugali upande mmoja, akachovya kwenye sombe, akatafuna, akameza. Kisha akamwekea mume wake fungu magotini.

Nje Barthélemy aliinua mti wa kizuizi, na lori la nyuma likapiga honi. Callixte hakuwasha injini. Alinyoosha mkono, akala.

Alikula, ndiyo. Lakini Emérita aliona kwamba alimega upande ule ule aliomega yeye.