Asilimia Nane

Pale chuoni walimwita Mama Vumbi, na yeye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa msimamizi wa maabara iliyojengwa chini kabisa ya jengo la sayansi, mahali ambapo mtikisiko wa malori ya barabarani haufiki. Ilikuwa maabara ya kuangalia vitu visivyoonekana kwa macho. Wenye utani waliiita Maabara ya Kitu Kidogo, na mgeni akitumbua macho walimtuliza kwamba humo hamna rushwa, mna hadubini tu.

Haikuwa mali ya idara yoyote. Madaktari walileta vipande vya mifupa, wahandisi walileta saruji na rangi, watu wa kilimo walileta udongo, na kila mmoja alikuwa na zamu yake kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni. Mama Vumbi aliwafundisha kutumia mashine, akawaamua wakigombania saa, na kuhakikisha vumbi halivuki kizingiti. Hata mkuu wa chuo alipoleta wageni alivuliwa viatu na kuvishwa kofia ya karatasi. Mume wake, mwalimu mstaafu wa hesabu, alipenda kuwaambia majirani kwamba ameoa ufagio wenye shahada.

Mambo yalianza Jumanne moja, saa nne asubuhi. Siku hiyo alikuwa na watumiaji wapya sita, wamejipanga mbele ya hadubini ya elektroni, mashine yenye kimo cha kabati la nguo. Aliwaonyesha kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kilichochongwa mistari iliyopangana kwa nafasi moja isiyobadilika.

"Hii ndiyo rula ya mashine," aliwaambia. "Tunaiweka ndani, tunaiambia mashine kwamba kutoka mstari hadi mstari ni nanomita mia tano, nayo inajirekebisha. Unywele wako mmoja una upana wa nanomita kama elfu themanini. Kwa hiyo mjue tunaongelea udogo wa namna gani."

Mama mmoja wa makamo kutoka idara ya kilimo akauliza, "Na rula yenyewe tunajuaje ni sahihi?"

"Ina cheti."

Akatoa cheti kwenye faili ili wakione, na kwa mazoea ya mwalimu akaweka kidole kwenye namba ya cheti, kisha kwenye namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kipande. Cheti kiliishia na moja. Kifuniko kiliishia na saba.

Akaangalia tena. Akavua miwani, akaifuta, akaangalia mara ya tatu.

"Nendeni mkanywe chai," akasema. "Nitawaita."

Walipotoka alivuta droo na kuitoa yote, akaiweka sakafuni. Chini kabisa, chini ya maboksi ya glavu, kulikuwa na bahasha ambayo haijawahi kufunguliwa. Akaichana. Ndani mlikuwa na cheti cha kipande kinachoishia na saba. Nafasi kati ya mstari na mstari: nanomita mia nne sitini na tatu.

Alikaa palepale sakafuni na koti lake jeupe. Sasa alikumbuka yote. Miaka miwili na miezi saba nyuma hadubini iliharibika, ikakaa wiki sita bila kufanya kazi. Wiki ambayo fundi aliitengeneza ndiyo wiki kipande kipya kilipofika, kwa kuwa cha zamani, kile chenye cheti kinachoishia na moja, kilikuwa kimekwaruzika. Watu kumi walikuwa mlangoni wakidai zamu zao. Akakiweka kipande kipya ndani ya mashine, na alipoulizwa nafasi ya mistari akaandika mia tano, namba aliyokuwa nayo kichwani kwa miaka kama tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe. Tangu hapo kila mwezi aliipima mashine kwa kipande kilekile na namba ileile, na kila mwezi majibu yalikubaliana.

Akachukua kikokotoo. Mia tano gawanya kwa mia nne sitini na tatu. Moja nukta sifuri nane.

Namba ile aliwahi kuiona.

Aliiona kwenye chumba cha mikutano, mwaka mmoja na nusu nyuma, imeandikwa ubaoni kwa wino mwekundu. Siku hiyo jopo lilikuwa likimhoji binti mmoja, mwanafunzi wa uzamili ambaye wenzake walimwita Tofali, kwa sababu mkoba wake daima ulijaa vipande vya udongo wa kuchoma. Tofali alikuwa akitengeneza vichujio vya maji, na hadubini ilimsaidia kupima vitundu ambavyo maji hupita. Vipande alivyopima kabla mashine haijaharibika alivipima tena baada ya matengenezo, na vitundu vyote vilikuwa vimekua. Vimekua kwa kiasi kilekile, kimoja baada ya kingine.

Profesa aliyeongoza jopo ndiye aliyekuwa pia mkurugenzi wa maabara. Alizungumza taratibu, bila ukali. "Kila namba ya pili ni ile ya kwanza mara moja nukta sifuri nane. Maumbile hayafanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni mtu mwenye kikokotoo." Akasema picha zimevutwa na kupanuliwa kwenye kompyuta ili vichujio vionekane kupitisha maji haraka zaidi.

Kisha wakamgeukia Mama Vumbi. Je, inawezekana mashine ndiyo yenye kosa?

"Niliipima kwa mkono wangu," alijibu. "Iko sawa."

Tofali alimwangalia. "Mama, tafadhali, labda uipime tena."

"Nimeshaipima mara tatu, mwanangu."

Wiki iliyofuata Tofali alifukuzwa chuo.

Mama Vumbi alisimama, akanawa mikono, akasahau kwamba amenawa, akanawa tena. Akapanda ngazi mpaka ofisi ya Profesa na vyeti viwili mkononi. Alieleza akiwa amesimama. Profesa alisoma cheti cha kwanza, akasoma cha pili, akarudia cha kwanza. Katibu alichungulia mlangoni na kurudi zake.

"Nani mwingine anajua?" hatimaye akauliza.

"Mimi na wewe."

"Basi tusikurupuke. Tuirekebishe mashine leo. Watu watapima upya wenyewe kidogo kidogo, hakuna atakayeumia."

"Profesa, kuna mtoto wa watu tulimfukuza."

Kwa mawazo Profesa alikuwa hajafika huko. Mama Vumbi aliuona uso wake alipofika. Akageuza kiti akatazama ukuta.

"Ni mimi niliyesema kikokotoo," akasema.

"Na mimi nilisema mashine iko sawa."

"Niache kwanza, Mama. Niache mpaka mchana."

Mama Vumbi akarudi chini, akawaomba radhi wale watumiaji sita, akabandika karatasi mlangoni: mashine haitumiki. Saa nane simu ikalia. Sauti ya Profesa ilikuwa imekauka. "Andika barua kwa watumiaji wote. Usifiche kitu. Sahihi yangu itakuwa juu ya yako."

Watumiaji walikuwa mia moja na kumi na nne. Majibu yalianza kuingia kabla hajafunga kompyuta. Wengine walishukuru. Mhandisi mmoja aliandika neno moja tu, "Kweli?" Daktari wa mifupa, mtu aliyezoea kumtania kila Ijumaa, alishuka mwenyewe mpaka mlangoni, akamtazama kupitia kioo, akaondoka bila salamu. Lakini Mama Vumbi alikuwa na jibu moja tu alilolingoja, na barua ya mtu huyo haikuwa na anwani ya kwenda. Anwani ya Tofali ilikuwa imefutwa chuoni pamoja na jina lake.

Kesho yake akamuuliza kijana aliyesoma na Tofali, ambaye sasa alikuwa mhadhiri msaidizi.

"Tofali?" yule kijana akashangaa. "Si yuko hapo geti la nyuma, kwenye duka la kuchapa na fotokopi."

Mama Vumbi alidhani amesikia vibaya. Mwaka mmoja na nusu alikuwa akiingia na kutoka geti la mbele. Kumbe binti alikuwa umbali wa dakika saba.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye mashine tatu na harufu ya wino. Tofali alikuwa nyuma ya kaunta, anachapa tasnifu ya mtu, kurasa zikiwa zimebanwa kando kwa kibanio cha nguo. Alimwona, vidole vikasimama juu ya herufi.

"Shikamoo."

"Marahaba." Mama Vumbi alikuwa amepanga maneno njia nzima, akayaacha. Akaweka vyeti viwili kwenye kaunta. "Soma kwanza."

Tofali alisoma. Hakuhitaji kikokotoo. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Mashine," akasema.

"Si mashine. Ni mimi. Niliandika namba isiyo yake."

Mteja aliingia na karatasi za kudurufu. Tofali akazipokea, akazidurufu kumi na mbili, akazihesabu, akamkabidhi. Alipogeuka macho yake yalikuwa makavu.

"Unajua nilifika mahali gani?" akasema. "Nilifika mahali nikaamini nilifanya kweli. Nikawaza labda niliivuta picha usingizini, labda akili yangu ina kasoro. Nikaacha kujiamini hata kuhesabu karatasi. Hizi ninazihesabu mara mbili."

Mama Vumbi alikosa pa kuweka macho. Alikuwa amekuja akijua kwamba wamemnyang'anya shahada. Hili la pili hakulijua.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Chuo kitafanya yake. Wewe nenda kwa baba." Sauti yake ilibaki ya chini. "Aliniuliza mara moja tu kama nilifanya. Nikasema sikufanya. Akasema sawa. Hajaniuliza tena, ila tangu siku hiyo akiniangalia anaangalia bega."

Jumamosi Mama Vumbi alikwenda, mume wake akamsindikiza na kubaki nje kwenye kibaraza. Baba yake Tofali alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache, mwenye alama za cheche mikononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Mama Vumbi alimweleza kuhusu vipande viwili, namba mbili, na yale aliyoyasema mbele ya jopo.

"Kwa hiyo alisema kweli," mzee akasema.

"Alisema kweli tangu siku ya kwanza."

"Na mimi nilimwambia sawa." Akayatazama mageti yake yaliyoegemea ukuta. "Mimi ninachomelea chuma. Weldi ikiwa mbovu ninaijua kwa sauti. Mtoto wangu mwenyewe sikumsikia." Akainuka, akaingia ndani, na hakutoka tena. Mama Vumbi alimsikia akiita jina la binti yake, mara moja, kisha mara ya pili kwa sauti iliyokatika. Akaondoka polepole.

Jopo lilikaa upya na kufuta uamuzi wake. Profesa alijiuzulu uongozi wa jopo kabla hajaulizwa. Makala tatu za wahadhiri zilirudishwa kusahihishwa, na tasnifu tisa zikaongezewa ukurasa wa marekebisho. Mama Vumbi alipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye usimamizi. Akabaki mpimaji wa kawaida chini ya msimamizi mpya, mtu ambaye Mama Vumbi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Tofali alichukua miezi minne kujibu barua ya chuo iliyomwita arudi. Aliporudi alikuwa na masharti mawili: atapima vipande vyote upya, na atavipima bila mtu chumbani. Akakubaliwa. Siku ya zamu yake Mama Vumbi alimwashia mashine, akamwekea koti na kofia, akatoka akafunga mlango. Alikaa korido kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa tatu mpaka saa saba, mikono mapajani, asijue anangoja nini.

Mlango ulipofunguka Tofali alikuwa na daftari kifuani. Alipita, akasimama hatua mbili mbele bila kugeuka.

"Zimelingana na za kwanza," akasema. "Zote."

Kisha akapanda ngazi.